Mimi, Mzee na Maua ya Ngitili

Najua nimewatupa. Niliahidi kuandika kuhusu masoko ya dhahabu ya Geita na Kahama, halafu nikapotea karibu mwezi mzima. Sijaumwa, na kazi sijafukuzwa (bado!). Nilikuwa nyumbani Shinyanga, ambako mzee wangu alinipakia kwenye pikipiki yake tukaenda kuangalia maua.

Ndiyo, maua. Nilipomwambia mhariri wangu kwamba nina stori ya maua, aliangalia saa ya ukutani, kisha akaniuliza kama yamechanua juu ya mgodi wa mtu. Bahati nzuri hapa mhariri ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Ilianza na simu, mwishoni mwa Novemba. Mzee si mtu wa simu, akipiga ujue kuna jambo. "Mvua imenyesha mara tatu," akasema. "Omba ruhusa kazini uje. Kuna kitu nataka ukione kabla hakijaisha." Nikamuuliza ni kitu gani. "Maua ya kwenye ngitili." Akakata.

Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Baba yangu ni bwana misitu mstaafu, ana miaka 63, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona akiliangalia ua kwa sababu ya uzuri wake. Kwake ua ni taarifa tu: mti uko hai, nyuki watakuja, mbegu zitapatikana.

Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolijua, na ndilo lililonipandisha basi bila ubishi. Ukoo wetu una ngitili ya ekari kama 30 kijijini kwa babu, upande wa Kahama kwenye njia ya kuelekea Geita. Kwa wale ambao hamkukulia Usukumani, ngitili ni eneo ambalo mtu, familia au kijiji kinalifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, shoka haliingii. Nyasi zinakua, miti inachipua, kila kitu kinaachwa. Ikifika katikati ya kiangazi, kwenye Julai au Agosti, huko nje kumebaki vumbi tupu, ndipo linafunguliwa kidogo kidogo ili ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wale wazee wapate cha kula. Ni benki ya nyasi, kwa lugha ya mjini.

Sasa mwaka jana kwa majirani zetu kulitokea rashi. Mtu mmoja aliokota mawe yenye dhahabu akilima, na kabla ya wiki mbili kupita palikuwa na maturubai, maduara, karasha na mama ntilie. Haikuchukua muda akatokea mtu mwenye fedha zake, akataka ngitili yetu. Miti atakata magogo ya kushikilia kuta za maduara, inayobaki atachoma mkaa, chini atachimba. Baba mdogo anataka tuuze. Binamu zangu wanataka tuuze.

Na mimi je? Hapa naomba nisiwafiche. Mimi nilikuwa nimeshamwambia baba mdogo kwa simu, "Uzeni tu." Nina kiwanja Chanika ninachokilipia kwa awamu tangu nianze kazi, na mgawo wangu ungemaliza deni. Mzee sikumwambia.

Basi, Jumamosi ya wiki ya pili ya Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka Shinyanga mjini. Pikipiki ya mzee ni Honda aliyoinunua mnadani miaka hiyo, tangi lake limepigwa rangi mara tatu na kila rangi bado inaonekana. Nilimwomba niendeshe. Akanitazama kama nimemwomba nimvulie viatu. Kwa hiyo kijana wa miaka 26, mwenye shahada, nikapakizwa nyuma na begi mgongoni, kama nilivyokuwa napelekwa kliniki.

Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya maua, theluji inayeyuka na watu wanatoka na familia zao kwenda kupiga picha. Shuleni sisi tulikaririshwa kipupwe, vuli, masika na kiangazi. Shinyanga nijuavyo mimi ina majira mawili, vumbi na tope. Katikati yake kuna wiki chache ambazo vumbi limekufa na tope halijakolea. Hizo ndizo wiki alizokuwa anazisema mzee.

Nilitegemea tushike moja kwa moja njia ya Tinde. Mzee akazunguka kwanza Old Shinyanga. Akazima pikipiki kando ya barabara, akanyoosha kidole kwenye uwazi, akaniuliza: "Unajua hapa palikuwa makao makuu ya nini?" Sikujua. Miaka mitatu ya chuo kikuu na miwili ya gazeti, na sikujua.

Palikuwa makao makuu ya vita dhidi ya mbung'o. Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta sehemu kubwa ya nchi haikaliki kwa sababu ya mdudu huyu, anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo aliitwa Charles Swynnerton. Alikuwa kwanza mkuu wa idara ya wanyamapori, na mwishoni mwa miaka ya 1920 akawa mkurugenzi wa idara maalumu ya utafiti wa mbung'o yenye makao Shinyanga. Alizama kwenye kazi hiyo kiasi kwamba kuna aina ya mbung'o inayobeba jina lake mpaka leo, Glossina swynnertoni. Fikiria mtu unakumbukwa duniani kwa jina la mdudu uliyetaka kummaliza!

Hoja ya Swynnerton ilikuwa nyepesi kuielewa. Mbung'o anahitaji kivuli. Ondoa vichaka, mbung'o hana pa kukaa. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1920, kwa kushirikiana na watemi, wanaume wa Kisukuma walikusanywa na mashoka kwenda kufyeka pori. Walifyeka na kuchoma msimu baada ya msimu. Na ilifanya kazi. Ng'ombe waliongezeka na watu wakapata ardhi mpya. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ukaja mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na ufyekaji ukafungua njia kwa Wasukuma kuhamia magharibi, mpaka Geita.

"Babu yako alikuwa mmoja wao," mzee akasema. "Alikuja huku Kahama kijana, na shoka. Mpaka anakufa alikuwa anajisifu kwa hilo. Alikuwa anasema sisi ndio tuliowafukuza mbung'o."

Nilitaka kusema kitu cha kijanja kuhusu ukoloni na mazingira, nikakosa. Maana babu hakufyeka kwa ujinga. Ng'ombe wake wangekufa. Watoto wake wangelala malale. Ukiona leo mtu anakuambia wazee wetu waliharibu misitu kwa kutojua, muulize kama amewahi kufugia kwenye mbung'o.

Kuna mtu mwingine wa Old Shinyanga ambaye mzee alinisimulia hapo hapo, na huyu ndiye amenikaa kichwani. Idara ile ile ya kufyeka vichaka ilikuwa na mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt. Kazi yake ilikuwa kuyajua mapori ya Tanganyika: mti gani unaota wapi, na mbung'o gani anapenda kivuli cha nani. Alitembea, akakusanya, akakausha majani na maua, akaandika. Mimea kadhaa ya nchi hii ina jina lake. Kwa hiyo ofisi hiyo moja ilikuwa na mkono mmoja unaofyeka na mwingine unaoorodhesha kile kinachofyekwa. Mwaka 1938 Swynnerton na Burtt walipanda ndege moja, ikaanguka, wakafa wote wawili. Maandishi makubwa ya Burtt kuhusu uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa baada ya kifo chake. Mzee aliyasoma chuoni akiwa kijana. Anasema ndipo alipogundua kwamba maua aliyokuwa akiyakanyaga akichunga yalikuwa na majina yaliyoandikwa na mtu, na kwamba Wasukuma walikuwa nayo majina yao kabla ya huyo mtu.

Tukawasha, tukaenda.

Kutoka Shinyanga hadi Tinde ni mwendo mfupi wa lami, ila kwa spidi ya mzee unaweza kuhesabu mbuyu mmoja mmoja. Pale Tinde njia ya Nzega inatuachia, sisi tukashika ya Isaka na Kahama pamoja na malori ya Rwanda. Kila lori likipita mzee anapunguza mwendo na mimi nafumba macho. Kabla ya Isaka tukasimama kunywa chai, na hapo akanionyesha uwanda mmoja ulio wazi, una mashamba ya pamba na miti michache ya migunga.

"Mwaka 1986 mkoa mzima ulikuwa hivi," akasema. "Na hapa bado kuna miti. Ungeona kule Meatu."

Kilichotokea kati ya shoka la babu na mwaka 1986 ni historia ambayo wengi wetu tuliisoma vipande vipande bila kuviunganisha. Kwanza pamba, dhahabu nyeupe. Usukuma ndio uliokuwa moyo wa pamba ya Tanganyika, na vyama vyake vya ushirika vilivyoungana miaka ya 1950 chini ya Paul Bomani vilikuwa miongoni mwa vikubwa Afrika. Pamba ikipanda bei, pori linakuwa shamba. Pili ng'ombe, waliozidi kuongezeka huku malisho yakipungua. Tatu kuni na mkaa wa miji inayokua.

Nne ni vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Operesheni ikafika Shinyanga 1974. Mzee alikuwa na miaka 12. Anakumbuka walivyobeba paa la nyumba na kuliweka kwenye mkokoteni. Walihamia kilomita chache tu kutoka walipokuwa, kwenye mistari iliyonyooka, karibu na barabara.

"Watu wanasimulia nyumba zilizobomolewa," akaniambia, "lakini hakuna anayesimulia ngitili. Ngitili ina mwenyewe. Mwenyewe akiwa anaiona kutoka mlangoni kwake, nani ataingiza ng'ombe? Sasa sisi tumehamishwa. Ngitili ya baba imebaki kule haina macho. Mwaka wa kwanza watu waliogopa. Mwaka wa pili wakaingiza ng'ombe. Mwaka wa tatu wakaingiza mashoka, na wa kwanza kuingia na shoka alikuwa baba yangu mwenyewe. Alisema heri nikate mimi kuliko wanikatie."

Hapo akanyamaza, akamalizia chai. Mimi kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika.

Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu aliuita mkoa huu Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF wakaingia. Mzee alianza kazi kipindi hicho hicho akiwa na miaka 24, na pikipiki ya ofisi, na imani kubwa sana na miche.

Mwanzoni kazi ilikuwa vitalu. Otesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, gawa, panda, piga picha. Miche ikapandwa na mingi ikafa, kwa jua, kwa mchwa, kwa mbuzi. Mzee anacheka akisimulia. Anasema siku moja alikuwa anahutubia kijiji kuhusu faida za kupanda miti, mzee mmoja akanyanyuka, akamshika mkono, akampeleka pembeni ya uwanja penye visiki vilivyokatwa zamani. Akamwonyesha vichipukizi vidogo vilivyoliwa na mbuzi. Akamwambia, "Bwana misitu, miti ipo. Imekaa chini inasubiri mbuzi waondoke."

Hiyo kwa ufupi ndiyo siri ya Shinyanga. Mizizi ilikuwa hai. Mti wa porini uliokatwa miaka 20 iliyopita unaweza kurudi kama utaachwa, ukipunguziwa matawi yaliyobanana na ukiachiwa shina lililonyooka. Dodoma siku hizi wameipa jina zuri, Kisiki Hai. Wasukuma hawakuhitaji jina jipya kwa sababu walikuwa nalo la zamani. Mradi ukabadilika: badala ya kuwafundisha watu kupanda, ukawarudishia nguvu ya kufunga. Mabaraza ya jadi yakapewa nafasi. Sungusungu, waliozaliwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakawa pia walinzi wa nyasi. Ukiingiza mifugo kwenye ngitili ya mtu, unatozwa.

Matokeo yake niliyasoma nikiwa Dar nikadhani ni makosa ya uchapaji. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu, sawa na viwanja vya mpira 850 hivi katika mkoa uliokuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamepita hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti wakahesabu zaidi ya aina 150 za miti, vichaka na mimea inayotambaa ndani ya ngitili zilizorudi. Wizara ya Maliasili na IUCN wakapiga hesabu ya faida, kuanzia kuni, nyasi, dawa, asali na matunda mpaka nguzo, wakapata wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50. Mwaka 2002 mradi ulitambuliwa kimataifa na Umoja wa Mataifa kupitia Equator Initiative. Mwaka 2004 ukafikia mwisho wake.

"Na hilo ndilo tatizo," mzee akasema akivaa kofia yake ngumu. "Mradi una mwisho. Ngitili haina. Kila mtoto akizaliwa inabidi aulizwe tena."

Sikujibu. Nilijua anakoelekea, au nilidhani najua.

Kahama tulipita saa tano. Mji umekuwa, jamani! Pembeni yake ni Buzwagi, mgodi uliofunguliwa 2009 na kufungwa 2021. Umri wa mtoto wa darasa la sita. Mbele kule ni Bulyanhulu, na mbele zaidi Geita, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni, mgodi ukafungwa 1966, ukafunguliwa tena kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Nimeandika sana habari za migodi hii. Soko la kwanza la madini nchini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, nilikuwa mwanafunzi, nikakata kipande cha gazeti nikakihifadhi. Sitasema dhahabu ni mbaya. Imesomesha watu ninaowajua kwa majina. Nasema tu kwamba katika ukanda huu unaweza kujua mwaka mgodi ulipofunguliwa na mwaka ulipofungwa, yaani una tarehe mbili kama kaburi.

Tukaacha lami. Tope likaanza, na mzee akawa kijana. Sijui namna ya kueleza. Mabega yalishuka, akawa anaisoma njia, anakwepa dimbwi kabla sijaliona. Njia hizi alizipita miaka 18. Watu wazima waliokuwa wakipalilia walisimama wakampungia, "Bwana misitu!"

Kijijini tulianza na salamu, maana huwezi kwenda kuangalia maua kabla ya kuamkia watu. Mwangaluka, mwangaluka, habari za mjini, habari za mvua. Bibi mdogo akaniuliza nimeoa. Tukala ugali na mlenda, ndipo mzee akasema, "Twende."

Ngitili yetu inaanza pale mashamba ya pamba yanapoishia. Hakuna uzio. Kuna njia ndogo na mgunga mkubwa wa mpakani, na ukiuvuka, joto linapungua. Nasema kweli, niliisikia shingoni.

Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Mitundulu ilikuwa imechanua, na kama hujawahi kuuona mtundulu, ua lake lina rangi mbili, nusu ya waridi na nusu njano, linaning'inia kama kitaa kidogo kilichogeuzwa. Nimechomwa na miiba ya mtundulu utoto wangu wote na sikuwahi kuinua macho kuona kinachoning'inia juu ya mwiba. Chini yake kulikuwa na maua mekundu ya mviringo, kama mpira ulioundwa kwa nyuzi, yametoka ardhini moja kwa moja. Mzee akasema hilo linakaa chini kama kitunguu mwaka mzima likingoja mvua. Mahali pengine palikuwa na ua lenye ndimi za moto, nyekundu zenye kingo za njano, limejisokota kwenye kichaka. "Gloriosa superba," mzee akasema, "zuri hivyo hivyo na ni sumu. Ng'ombe wanalijua." Mlundalunda tuliukosa, ulikuwa umeshamwaga maua yake ya njano kabla ya mvua na kubaki na maganda marefu. Mzee alisikitika kabisa, kana kwamba mgeni ameondoka kabla hatujafika.

Tulizunguka karibu saa mbili. Kila baada ya hatua chache anainama, anafunua nyasi, ananionyesha kitako cha mti. Chini ya kila shina kulikuwa na kisiki cha zamani, kipana, cheusi, na mti mpya umetokea ubavuni mwake. Nilidhani ananionyesha miti. Kumbe ananionyesha makovu.

"Hiki alikata baba," akasema. "Na hiki. Mwaka 1977. Nilikuwa nashika kamba."

Mwaka 1989, akiwa na miaka mitatu kazini, mzee alirudi hapa, akawaomba babu na wazee wa kijiji waifunge tena. Babu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: mwanawe aandike mipaka kwenye karatasi, mbele ya serikali ya kijiji, ili asije akahamishwa tena akaiacha haina macho. Karatasi hiyo ipo. Mzee aliitoa mfukoni mwa shati, ndani ya mfuko wa nailoni, akanipa niisome pale pale kati ya mitundulu.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba yako mdogo aliniambia ulichosema kwenye simu."

Jamani.

"Sikukuitia ugomvi. Haki unayo. Nilitaka tu uiseme ukiwa umeyaona."

Jioni kikakaa kikao. Na hapa lazima nimtendee haki baba mdogo, maana si mtu mbaya. Alisema mambo ambayo mimi sikuwa na jibu lake. Alisema ng'ombe wake wamebaki wawili, sasa hii benki ya nyasi ni ya nani? Alisema nyinyi mnakuja na pikipiki mnaangalia maua mnaondoka, mimi ndiye ninayekesha kufukuza wenye mashoka, na fisi wamerudi pia. Alisema mwanawe amefaulu kwenda kidato cha tano. Alisema tusipouza tutaibiwa, kwa sababu dhahabu ikishasikika haina mlinzi.

Mzee hakubishana. Alinigeukia, akasema, "Na wewe?"

Nikasema naondoa neno langu la kuuza. Nikasema tumpe baba mdogo kitu cha kumsaidia kulinda, mimi nitatuma kila mwezi, na karo ya mwanawe tuichange. Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo, siwafichi. Baba mdogo akacheka, siyo kwa ubaya, akaniuliza, "Na kiwanja chako cha Dar utakilipa kwa maua?"

Watu wote wakacheka, mzee naye. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi mpaka leo sina.

Kikao kiliahirishwa hadi Julai, ngitili itakapofunguliwa. Wazee walisema ni vizuri kuamua ukiwa umeshaona ng'ombe wakila. Mnunuzi ameambiwa asubiri, na amesema hatasubiri sana. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Nimeshatuma mwezi wa kwanza.

Babu yangu alikata ili ng'ombe wapone. Baba yangu alifunga ili ng'ombe wapone. Nikiwasikiliza watu wanavyosimulia historia ya Shinyanga, kuna upande wa wajinga waliokata na upande wa wataalamu waliookoa. Mimi nimeona mtu mmoja akishika kamba upande wa kwanza na karatasi upande wa pili, na ni mzee yule yule. Miti ilirudi kwa sababu watu waliamua kutofanya kitu, tena pamoja, na wakaamua hivyo hivyo kila mwaka mvua ziliponyesha. Kutofanya kitu ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Asubuhi ya kurudi, mzee alitoa pikipiki nje, akaifuta kiti. Halafu akanirushia ufunguo, akapanda nyuma.

"Polepole," akasema. "Na ukifika penye tope usishike breki ya mbele."

Nilishika breki ya mbele. Tulianguka mara moja, kwenye tope laini, hakuna aliyeumia. Mzee alinyanyuka, akajipangusa, akapapasa mfuko wa shati kuona kama karatasi iko salama. Ilikuwepo.

Haya wasomaji wangu, za masoko ya dhahabu nitawaletea wiki ijayo, safari hii kweli. Ila kama una mzee nyumbani, na mvua zimeanza, muulize palikuwa na nini hapo kabla yako. Usisubiri akupigie simu.